Jani Peke Yake Halitoshi

Mwaka 1999 John Goodenough, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, alichapisha na mwenzake utafiti kuhusu oksaidi ya manganisi, ile poda nyeusi iliyomo kwenye betri za redio. Walionyesha kuwa inaweza kuhifadhi umeme kwa mtindo wa superkapasita, yaani kuujaza na kuutoa kwa kasi. Kabla ya hapo, sifa zilikuwa za oksaidi ya rutheni, metali ghali mno. Manganisi ni rahisi, na Afrika Kusini imejaliwa nayo tele.

Kasoro ni kwamba umeme huo hukaa juujuu. Punje ikiwa nene, kiini chake hakifanyi kazi yoyote. Chukua mchemraba wa sentimita moja: nyuso zake zote zina sentimita za mraba 6. Ukiugawa kuwa vichemraba vya nanomita 10, eneo lafika mita za mraba 600, uzito ukiwa uleule.

Hapo ndipo majani yanapoingia. Ili kupata chembe ndogo hivyo bila kemikali kali, mtafiti huchemsha majani, tuseme ya mlonge au mwarobaini, huchuja maji yake na kuyachanganya na chumvi ya metali. Polifenoli za mmea hushika ayoni za metali na kuzuia chembe zisigandamane. Mchanganyiko hukaushwa, kisha huchomwa tanurini, mara nyingi kwenye nyuzi 400 hivi au zaidi. Mabaki ya mmea huungua, oksaidi hubaki. Mwaka 2015 kundi la Malik Maaza, Afrika Kusini, lilipata oksaidi ya zinki kwa majani ya mmea uitwao buchu.

Wengi huiita njia hii ya kijani. Mimi nasita. Tanuri linakula umeme. Chumvi ikiwa nitrati, uchomaji hutoa gesi ya kahawia inayowasha mapafu. Majani ya masika si sawa na ya kiangazi, basi chembe nazo hubadilika. Na oksaidi ikiwa ya kobalti, hakuna jani litakalosafisha machimbo yake kule Kolwezi, Kongo.

Kwa hiyo ukisikia habari za betri ya majani, uliza joto limetoka wapi na elektrodi iliyotengenezwa kwa oksaidi hiyo imestahimili mizunguko mingapi ya kujazwa na kutoa umeme. Superkapasita nyingi zinazouzwa leo hazina oksaidi hizi. Zinatumia kaboni, ambayo sehemu yake hutokana na vifuu vya nazi.