Nyoka Mla Mchwa katika Maabara ya Shule

Mkulima wa Tarime anapolima baada ya mvua za kwanza, jembe lake huweza kufukua kiumbe chembamba kama kamba ya kiatu, chenye kung'aa, ambacho kichwa na mkia ni vigumu kutofautishwa. Wengi hukiua papo hapo, na wanafunzi wengine hudhani ni mnyoo. Kumbe mara nyingi huwa ni nyoka kipofu, asiye na sumu, ambaye chakula chake ni mchwa na sisimizi. Jamaa zake huishi hata katika nchi kame za Somalia na Oman, wakijificha chini ya mawe penye unyevu kidogo.

Nyoka huyu anafaa sana kwa somo la biolojia, lakini wengi wa jinsi yake hufa kwa njaa mikononi mwa watu wenye chakula tele. Sababu yake tutaieleza hapa chini. Kwanza lakini ni lazima atambuliwe.

Katika udongo huishi pia nyoka wa jenasi ya Atractaspis, mweusi, mwenye sumu ya hatari. Meno yake marefu huyatokeza ubavuni mwa kinywa bila kuachama, hivyo mtu anayemshika nyuma ya kichwa, akijiona salama, huchomwa kidole. Dawa ya kuzuia sumu yake haipatikani. Kwa hiyo nyoka yeyote wa udongoni asishikwe kwa mkono. Asukumwe kwa kijiti kirefu aingie katika chupa ya kioo, chupa ifunikwe, kisha tumbo lake litazamwe kwa chini. Nyoka kipofu ana magamba madogo yaliyo sawa mwili mzima, mgongoni na tumboni, na macho yake ni vitone viwili chini ya magamba. Atractaspis ana magamba mapana tumboni, yaliyopangwa kama vipandio vya ngazi. Mwenye magamba hayo aachwe mbali na watu.

Jambo la pili ni kibali. Wanyamapori wote wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwalimu amwone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakuna ruhusa ya kuokota chochote.

Sasa chakula. Chatu akimeza swala mmoja huweza kukaa wiki nyingi bila kula. Nyoka kipofu hawezi, kwa kuwa mwili wake mdogo hauna akiba kubwa, na windo lake ni dogo kama punje ya mchele. Hula wengi kwa mkupuo mmoja, tena kwa haraka, kabla askari wa kichuguu hawajamshambulia. Mwaka 1999 Nathan Kley na Elizabeth Brainerd wa Marekani walieleza jinsi nyoka wa kundi hili kutoka Texas anavyotumia taya lake la chini: hulipeleka nje na ndani zaidi ya mara tatu kwa sekunde, akikomba mabuu hadi kooni. Anayempa panzi mmoja mkubwa kila wiki, basi, hajamlisha kitu.

Mpeni kipande cha kichuguu chenye mchwa wadogo weupe, au mabuu ya sisimizi, kila baada ya siku mbili au tatu. Askari wenye vichwa vikubwa waondolewe, na mabaki yatolewe kesho yake. Siafu wasikaribie kabisa, watamla yeye.

Chombo kiwe cha kioo, chenye udongo wa kina cha sentimeta 10, upande mmoja mbichi na mwingine mkavu, na jiwe bapa juu yake. Kisiwekwe juani. Mfuniko ubane sawasawa, maana nyoka mwembamba hivi hupita katika tundu dogo sana.

Apimwe kwa mizani ya maabara kila wiki pamoja na chupa yake, kisha uzito wa chupa utolewe. Uzito ukipungua mara mbili mfululizo, arudishwe jioni ileile mahali alipookotwa, chini ya jiwe au gogo.