Viza ya Masomo Uingereza: Mtihani Upi wa Kiingereza Unakufaa?

Kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada hushangaa akidaiwa uthibitisho kwamba anakijua. Sheria za uhamiaji za Uingereza zina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho huo. Marekani, Kanada, Jamaika na Malta zimo. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo.

Mwombaji wa kwetu anakabiliwa na masharti ya pande mbili. Serikali huweka kiwango cha chini kwa kufuata ngazi za Ulaya ziitwazo CEFR: B2 kwa shahada na kuendelea, B1 kwa kozi za chini ya shahada. Chuo nacho kina hiari ya kudai zaidi, na mara nyingi hudai.

Kosa la kawaida ni kutazama alama ya jumla peke yake. Katika mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, B2 ni sawa na 5.5, na lazima ifikiwe katika kila stadi: kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Tuseme mtahiniwa amepata 7.0, 6.5, 6.5, na 5.0 katika kuandika. Wastani wake ni 6.25, ambao IELTS huupandisha kuwa 6.5. Jumla inapendeza, lakini kiwango cha B2 hajakifikia, kwa sababu ya kuandika.

Jambo la pili ni aina ya mtihani. Februari 2014, kipindi cha Panorama cha BBC kilifichua udanganyifu katika mtihani wa TOEIC uliofanyiwa Uingereza kwenyewe. Serikali ikafuta viza za maelfu ya wanafunzi, wakiwamo waliokana kuhusika na wengine waliokuja kushinda kesi zao. Mwaka uliofuata utaratibu wa mitihani ukakazwa. Leo mtihani unaotambuliwa kwa viza, uitwao SELT, lazima utolewe na taasisi iliyoidhinishwa, katika kituo kilichoidhinishwa. Ndiyo maana kuna IELTS ya kawaida na IELTS for UKVI, yaani ya idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza. Maswali ni ya aina moja, ila ya pili hufanywa chini ya ulinzi uliowekwa na serikali hiyo, na matokeo yake hukaguliwa kwa namba maalumu. Matokeo ya SELT hudumu miaka 2.

Hata hivyo, si kila mwombaji anahitaji SELT. Kwa masomo ya shahada na kuendelea, chuo kikuu chenye rekodi nzuri ya kufuata masharti ya uhamiaji kinaruhusiwa kumpima mwanafunzi kwa njia yake chenyewe. Baadhi hupokea IELTS ya kawaida, vingine alama nzuri ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Njia iliyotumika huandikwa kwenye CAS, hati ya udahili ambayo chuo humpa mwanafunzi kwa ajili ya kuombea viza. Anayekwenda kusoma kozi ya chini ya shahada hana nafuu hiyo. Yeye ajiandae kwa SELT.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mtihani au kumsikiliza wakala, kiandikie chuo ukiulize mambo matatu: kinakubali uthibitisho gani, kinataka alama ngapi katika kila stadi, na kitaandika nini kwenye CAS. Majibu uyapate kwa maandishi, uyahifadhi, ndipo utoe pesa yako.