Marathoni: Jinsi tone la damu linavyomwongoza mkimbiaji

Tarehe 13 Aprili mwaka 2003, mjini London, Paula Radcliffe wa Uingereza alimaliza mbio za marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, na kuweka rekodi ya dunia kwa wanawake. Aliyemfuata, Catherine Ndereba wa Kenya, mmoja wa wakimbiaji hodari kabisa wa zama hizo, alifika dakika nne na nusu baadaye. Rekodi hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 16, hadi Brigid Kosgei, naye wa Kenya, alipoivunja mjini Chicago mwezi Oktoba mwaka 2019.

Ushindi huo wa London ulikuwa na historia ndefu katika maabara. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa fiziolojia, Andrew Jones, alikuwa akimpima Radcliffe mara kwa mara, na mwaka 2006 alichapisha matokeo ya vipimo hivyo. Yalidhihirisha kwamba uwezo wa juu kabisa wa mwili wa mwanariadha huyo kutumia oksijeni haukubadilika sana katika miaka yote hiyo. Kilichopanda, pamoja na uwezo wake wa kukimbia bila kupoteza nguvu, ni kasi aliyoweza kuihimili kabla ya lakteti kuanza kujaa katika damu yake.

Lakteti ni nini?

Misuli inapovunja sukari ili kupata nguvu, hutoa lakteti. Kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa hiyo ni taka, tena ndiyo inayoleta maumivu ya miguu siku ya pili baada ya mazoezi. Utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1980, ukiwemo ule wa George Brooks wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, umeonyesha vinginevyo. Moyo na misuli huitumia lakteti kama nishati, na ini huigeuza kuwa sukari tena.

Hata hivyo, kiasi chake katika damu hueleza mwili unafanya kazi kwa ugumu gani. Mtu aliyepumzika huwa na takriban milimoli 1 katika lita moja ya damu. Akikimbia polepole, kiasi hicho hakibadiliki sana, kwa kuwa kinachozalishwa hutumika papo hapo. Akiongeza kasi, hufika mahali lakteti inapoanza kupanda kidogo kidogo: hicho ndicho kizingiti cha kwanza. Akizidi kuongeza, hufikia kizingiti cha pili, ambapo uzalishaji huushinda mwili na lakteti hupanda ghafla. Hapo pumzi hukatika, na mkimbiaji hawezi kuendelea kwa muda mrefu.

Kwa Radcliffe, kizingiti cha kwanza kilipanda kutoka kilomita 14 hadi 15 kwa saa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikafikia kilomita 17.5 hadi 18.5. Kile cha pili kilipanda kutoka kilomita 16 hadi karibu 20. Siku ile ya London alikimbia kwa wastani wa kilomita 18.7 kwa saa, yaani juu kidogo ya kizingiti cha kwanza na chini ya kile cha pili.

Kipimo hufanywaje?

Mkimbiaji hupanda mashine ya kukimbilia na kuanza kwa kasi ndogo. Kila baada ya dakika tatu hadi tano, huchomwa kidogo kwenye ncha ya kidole au ndewe ya sikio, na tone la damu huwekwa katika kifaa kinachofanana na kile wanachotumia wagonjwa wa kisukari. Kisha kasi huongezwa, na mapigo ya moyo huandikwa. Mwishoni huchorwa mstari unaoonyesha ni kwa kasi gani lakteti ilianza kupanda.

Faida kwa mkimbiaji wa kawaida

Chukua mfano wa mtu ambaye kizingiti chake cha kwanza ni kilomita 10.5 kwa saa, na cha pili ni kilomita 12. Huenda ana ndoto ya kumaliza marathoni kwa saa tatu na nusu. Lakini hilo lingemlazimu kukimbia kilomita 12 kwa saa, yaani kwenye kizingiti cha pili, katika umbali wote wa kilomita 42 na mita 195. Kasi hiyo huteketeza haraka akiba ya wanga iliyomo misulini, na wengi wanaoijaribu huishiwa nguvu baada ya kilomita ya 30. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mtu huyo akishika kilomita 10.5 kwa saa, atamaliza kwa takriban saa nne, akiwa bado anakimbia.

Katika mazoezi, wataalamu hushauri sehemu kubwa ya kilomita za juma ikimbiwe chini ya kizingiti cha kwanza. Mara moja au mbili kwa juma, mkimbiaji hukaribia kizingiti cha pili kwa jumla ya dakika 20 hadi 40, ili kukisogeza juu.

Asiyeweza kufika maabara anaweza kujikadiria. Akikimbia na bado anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, yumo chini ya kizingiti cha kwanza. Akibaki na maneno mawili matatu tu, amekikaribia cha pili.

Mipaka ya kipimo

Kipimo kinapaswa kurudiwa kila baada ya miezi michache, kwani mwili hubadilika. Tena kilichopimwa katika chumba chenye baridi hakihesabu jua wala vilima. Kasi inayofaa asubuhi ya London huenda isifae Dar es Salaam au Muscat, na matokeo ya Iten, mji wa Kenya ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hayafanani na ya Mombasa. Radcliffe mwenyewe, akiwa bado anashikilia rekodi ya dunia, aliacha mbio za Olimpiki za Athens mwezi Agosti mwaka 2004 katika joto kali, baada ya kupita kilomita ya 35. Ndereba, aliyeanza kwa subira siku hiyo, alipata medali ya fedha.