Kidonda kisichouma: Je, ni mbu na wadudu wa maji wanaokileta?

Katika mtaa wa Simi-Simi, magharibi mwa mji wa Kisangani, siku huanzia mtoni. Akina mama hufua nguo na kuloweka mihogo, wavuvi hutengeneza nyavu kando ya mitumbwi, na watoto huogelea hadi waitwe nyumbani. Jua likizama, mbu nao huanza zamu yao. Kwa maisha ya namna hii, kijivimbe kidogo kwenye mguu wa mtoto hakimshtui mtu. Mzazi hukitazama, husema mtoto ameumwa na mdudu, na siku zinapita.

Mara nyingi mzazi huyo huwa sahihi. Lakini upo ugonjwa mmoja wa ngozi unaoanza hivyohivyo, kwa kijivimbe kigumu kisichouma, kisha baada ya wiki kadhaa ngozi hupasuka na kuacha kidonda kikubwa chenye kingo zilizochimbika kwa chini. Unaitwa kidonda cha Buruli. Na swali la kama kweli mdudu ndiye anayeuleta limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 20.

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium ulcerans, wa ukoo mmoja na bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma. Silaha yake ni sumu iitwayo mikolaktoni, iliyotambuliwa mwaka 1999. Sumu hiyo huua chembe za ngozi na mafuta yaliyo chini yake, hudhoofisha kinga ya mwili na kuzima hisia za maumivu. Ndiyo maana mgonjwa huchelewa. Kidonda kinakula mguu, lakini mtoto anacheza mpira.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema ugonjwa huu umeripotiwa katika nchi zisizopungua 33. Barani Afrika, karibu nusu ya wagonjwa ni watoto walio chini ya miaka 15, na vidonda vingi hutokea miguuni na mikononi. Hauui mara nyingi. Unachofanya ni kuacha viungo vilivyokunjamana na kukakamaa, na wakati mwingine kusababisha mguu kukatwa.

Jina lake limetoka jirani tu. Mwaka 1897, daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, alieleza vidonda vinavyofanana na hivi. Bakteria wenyewe walielezwa mwaka 1948 na watafiti wa Australia. Miaka ya 1960, wagonjwa wengi waligunduliwa katika kaunti ya Buruli nchini Uganda, karibu na mto Nile, na jina likabaki hapo. Katika miaka hiyohiyo, wakimbizi kutoka Rwanda waliopewa makazi Kinyara, pia karibu na Nile nchini Uganda, waliugua kwa wingi baada ya kuhamia huko. Tangu hapo madaktari walijua kwamba ugonjwa huu una uhusiano na mito, mabwawa na vinamasi. Wasichojua ni namna bakteria wanavyotoka majini hadi chini ya ngozi ya mtu.

Maelezo ya kwanza yalikuwa jeraha. Mwaka 1974, madaktari waliowatibu wagonjwa nchini Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, walieleza wagonjwa ambao kidonda kilianzia pale pale ngozi ilipokuwa imeumia. Jeraha lingeweza kuwa dogo kama tundu la sindano. Kwa mkulima anayechomwa na miiba na kukatwa na majani makali kila siku, maelezo hayo yalieleweka.

Kisha wakaja wadudu. Mwaka 1999, Françoise Portaels wa Taasisi ya Tiba ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wamepata alama za kijenetiki za bakteria huyo ndani ya kunguni wa majini kutoka vinamasi vya Benin na Ghana. Hawa ni wadudu wanaowinda wadudu wenzao na vifaranga vya samaki, na humuuma mtu anayewakanyaga au kuwashika. Mwaka 2002, watafiti wa Ufaransa wakaonyesha maabara kwamba kunguni wa namna hiyo anaweza kubeba bakteria katika tezi zake za mate na kumwambukiza panya kwa kumuuma. Mwaka 2008, kwa mara ya kwanza, bakteria hai walioteshwa kutoka katika mazingira walipatikana kwa mdudu anayetembea juu ya uso wa maji, nchini Benin.

Kesi ilionekana kufungwa. Lakini mwaka huohuo wa 2008, utafiti uliolinganisha vijiji vya Ghana vyenye ugonjwa na visivyo nao haukuona tofauti ya maana katika wingi wa wadudu hao. Watafiti wakasema kunguni wa majini hawaelekei kuwa waenezaji wakuu. Hoja yao ni nyepesi kuelewa: mdudu kukutwa na bakteria hakumaanishi kwamba ndiye anayempa mtu. Kunguni hula viumbe wanaoishi katika maji yenye bakteria. Lazima atakuwa nao tumboni, kama vile samaki anavyokuwa na matope.

Ushahidi wenye nguvu zaidi dhidi ya mdudu umetoka mbali na Afrika. Katika jimbo la Victoria, kusini mwa Australia, ugonjwa umekuwa ukisambaa katika miji ya pwani. Watafiti walikusanya mbu zaidi ya 65,000 kati ya mwaka 2016 na 2021, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2024. Bakteria walionekana hasa kwa mbu wa aina moja, Aedes notoscriptus. Vinasaba vya bakteria kutoka kwa mbu vililingana na vile vya wagonjwa, na pia vya posamu, mnyama mdogo wa mitini ambaye kinyesi chake hubeba bakteria kwa wingi. Mbu hao walikuwa wamefyonza damu ya posamu na ya binadamu.

Je, ndivyo ilivyo Kongo? Hapana budi kuwa waangalifu. Posamu wa Australia hayuko katika misitu yetu, na mbu wa aina ile ni wa upande ule wa dunia. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Akonolinga, Kamerun, ulionyesha kwamba watu waliolala ndani ya chandarua walipata kidonda cha Buruli kwa kiasi kidogo kuliko wasiolala ndani yake. Hilo halithibitishi kwamba mbu wa Kamerun ndiye mkosaji, lakini ni sababu moja zaidi ya kukitunza chandarua ambacho tayari kinatukinga na malaria.

Buruli si ugonjwa pekee wa ngozi ambao mdudu anatuhumiwa. Buba, unaowapata watoto wa maeneo ya misitu yenye joto na unyevu, huenea hasa ngozi ikigusana na ngozi. Lakini inzi wanaotua kwenye vidonda wameshukiwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Karibu miaka kumi iliyopita, watafiti walipata alama za kijenetiki za bakteria wa jamii hiyo kwa inzi katika hifadhi ya Ziwa Manyara, Tanzania, ambako nyani wana maambukizi. Hapa pia, kubeba ni jambo moja na kuambukiza ni jingine. Kufunika kidonda kwa kitambaa safi, kwa vyovyote vile, hakumdhuru mtu.

Nchini Kongo, maeneo ya Buruli yanayojulikana zaidi yako Songololo na Kimpese, jimbo la Kongo-Kati. Hospitali ya IME Kimpese ilipoanzisha mpango maalumu mwaka 2004 wenye matibabu ya bure, idadi ya wagonjwa waliofika iliongezeka sana. Walikuwepo tangu zamani, nyumbani, wakitibiwa kwa majani. Funzo hilo linaihusu Tshopo pia. Kuwa na mto, joto na mvua karibu mwaka mzima hakutoshi kusema kwamba Simi-Simi ina Buruli. Lakini ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na kutoka Kisangani hadi Kinshasa, iliko maabara ya taifa ya INRB yenye uwezo wa kuthibitisha vipimo, ni takriban kilomita 1,700 kwa njia ya mto.

Habari njema ni kwamba tiba ipo, na imekuwa rahisi. Zamani dawa ilikuwa kisu cha daktari. Baadaye zikaja sindano za streptomycin pamoja na vidonge vya rifampicin. Leo WHO inapendekeza vidonge vya rifampicin na clarithromycin kwa wiki nane, bila sindano. Kidonda kilichowahiwa kikiwa kidogo, chini ya sentimita tano, kwa kawaida hupona kwa dawa bila upasuaji mkubwa. Kilichochelewa huhitaji kupandikizwa ngozi, na miezi mingi hospitalini.

Kwa hiyo, wakati wanasayansi wakiendelea kumchunguza mbu na kunguni wa majini, mzazi wa Simi-Simi hana haja ya kumzuia mtoto asikaribie mto. Mto ndio jiko, ndio kisima, ndio kazi. Anachoweza kufanya ni kuosha mikwaruzo kwa sabuni na maji safi, kumvalisha mtoto nguo ndefu anapokwenda shambani au vichakani, na kumlaza ndani ya chandarua.

Na zaidi ya yote, aitazame miguu na mikono ya mtoto anapomwogesha. Jipu linalouma huiva na kupasuka ndani ya siku chache. Kijivimbe kisichouma, kilichokaa wiki mbili au tatu na kinazidi kukua, kinastahili safari ya kituo cha afya, hata kama mtoto mwenyewe hajalalamika.