Kazi Iliyoachwa Nusu

Mtu akifa, kazi yake haifi pamoja naye. Shamba hubaki na magugu, nyumba hubaki na kuta zisizoezekwa; na walio hai hawana budi kuchagua, ama kuiacha kazi iharibike, ama kuishika na kuiendeleza. Mkristo huishika, kwa kuwa ajua ya kwamba kazi njema ni ya Mungu kwanza, na ya mwanadamu baadaye. Habari za mwambao wa Mwanza zatuonyesha jambo hili waziwazi.

Ukisimama ufukoni mwa Ilemela, penye Igombe au Kayenze, wayatazama maji ya Ghuba ya Speke. Upande wa kaskazini kiko kisiwa cha Ukerewe. Na ukiufuata ufuko kwenda mashariki wafika Kageyi. Hapo walifika, mwezi wa Januari 1877, wamisionari wa chama cha CMS kutoka Uingereza. Nia yao ilikuwa kuvuka ziwa waende Buganda kwa Kabaka Mutesa, aliyetaka kuletewa walimu. Mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi kwa miguu kutoka pwani ya bahari, pamoja na mashua yao, jina lake Daisy, iliyobebwa vipande vipande.

Lakini taabu ziliwaandama. Mwezi wa Mei daktari wao, John Smith, aliugua akafa pale pale Kageyi. Kiongozi wao, Shergold Smith, alivuka mpaka Buganda pamoja na mwenziwe Wilson, kisha akarudi kumchukua O'Neill aliyebaki nyuma. Hata mwezi wa Desemba, Smith na O'Neill wakauawa huko Ukerewe, katika ugomvi wa mfalme Lukonge na mfanyabiashara mmoja aitwaye Songoro. Kazi ikawa kama moto uliomwagiwa maji.

Katika kundi lile alikuwamo Alexander Mackay, fundi wa mitambo, mtu wa Skotlandi. Yeye alikuwa amerudi pwani kwa sababu ya homa. Alipopata habari za mauaji hakugeuka, bali alishika njia ya bara, akafika Kageyi mwezi wa Juni 1878. Naye alikuta nini? Vyombo vimerundikwa ovyo, vyuma vimeshika kutu, na Daisy imelala nchi kavu, mbao zake zimepindwa na jua na kuharibika. Mtu mwingine angalisema, "Kazi hii imekwisha." Mackay alichambua vyombo kimoja kimoja, akasugua kutu, akaitengeneza mashua kwa mbao zile zile zilizosalia.

Tena alifanya jambo gumu kuliko hilo. Alikwenda Ukerewe bila silaha, akaonana na Lukonge mwenyewe, akafanya naye amani. Maana hakurithi mashua tu, alirithi na ugomvi pia. Na ugomvi usipokwisha, kazi haiwezi kwenda mbele.

Mwezi wa Agosti Mackay na Wilson walitweka tanga. Kabla hawajafika, dhoruba iliwashika, mawimbi yakaivunja mashua ufukoni. Wakafanya nini? Waliikata sehemu ya katikati iliyovunjika, wakaziunga pamoja sehemu ya mbele na ya nyuma. Daisy ikawa fupi kuliko ilivyoundwa, lakini ikaelea. Mwezi wa Novemba 1878 Mackay alifika Buganda.

Naye pia hakumaliza. Mwaka wa 1887 alifukuzwa Buganda, akakaa Usambiro, kusini ya ziwa. Huko alikufa kwa homa tarehe 8 Februari 1890, na kazi ya kuifasiri Injili ya Yohana kwa Kiganda ilikuwa bado mikononi mwake. Wengine wakaipokea kazi ya kufasiri: Henry Wright Duta, Mkristo wa Buganda, na George Pilkington, pamoja na wenzao. Agano Jipya lilikamilika mwaka wa 1893, na Biblia nzima mwaka wa 1896. Mackay hakukiona kitabu kile, lakini jasho lake limo.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Musa aliiona nchi ya ahadi kwa mbali, Yoshua akawaingiza watu. Daudi aliweka akiba ya vifaa vya hekalu, Sulemani akalijenga. Mtume Paulo naye aliwafundisha Wakorintho ya kuwa mmoja hupanda na mwingine hutia maji, lakini akuzaye ni Mungu. Kwa hiyo mwenye imani hadharau kazi ya aliyemtangulia, wala hadai kuuona mwisho wa kazi yake mwenyewe. Huchukua mbao zilizosalia, akaanza.

Nanyi wanafunzi, kazi za namna hii hazitawapita. Miti iliyopandwa shuleni na wenzenu waliokwisha kuondoka yataka maji. Nyavu za baba aliyeugua zataka kushonwa. Mdogo wako aliyefundishwa herufi na ndugu aliyesafiri angali hajui kusoma. Msiulize, "Nani aliianza?" Ulizeni, "Imefika wapi?" Kisha ishikeni hapo hapo ilipofika. Maji ukiyavulia nguo, yaoge.