Uvimbe Si Saratani, Mbona Ubongo Unavimba?

Mama akiambiwa na daktari kwamba uvimbe ulioonekana kichwani mwake si saratani, nyumba nzima hushusha pumzi. Akizidiwa baadaye kwa maumivu ya kichwa au kifafa, jamaa huanza kunong'ona kwamba daktari aliwaficha jambo. Mara nyingi hakuficha kitu. Huenda ni maji yaliyojaa kwenye ubongo.

Uvimbe wa namna hii unaoonekana zaidi huitwa meninjioma. Daktari mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1922. Huota polepole kwenye ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo, na huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume.

Je, maji hutoka wapi? Kwanza, uvimbe unahitaji damu ili ukue. Baadhi hutoa kemikali ya kuotesha mishipa mipya ya damu. Kemikali hiyohiyo huilegeza mishipa, ikavuja majimaji kwenye ubongo ulio jirani. Ndiyo maana uvimbe mdogo huweza kuleta maji mengi, na mkubwa usilete kabisa. Pili, uvimbe ukibana mishipa inayotoa damu kichwani, damu hurundikana na maji yake huchujuka nje. Tatu, utando laini unaoutenga uvimbe na ubongo ukiharibika, maji hupata njia.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Maji yakizidi, ubongo hubanwa. Hapo huja maumivu ya kichwa, hasa alfajiri, kutapika, macho kufifia, kifafa, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Ukiona dalili hizi, nenda hospitali bila kuchelewa.

Dawa iitwayo deksamethasoni huweza kupunguza maji hayo kwa siku chache. Mgonjwa hupata nafuu akadhani amepona, kumbe uvimbe ungali pale. Wengi huhitaji upasuaji. Ndugu msomaji, kama umeitumia kwa majuma kadhaa, usiiache ghafla kwa kuwa kichwa kimetulia. Mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuikatisha huweza kuhatarisha maisha. Daktari ndiye atakayeipunguza kidogo kidogo. Mweleze pia kama una kisukari, maana dawa hii hupandisha sukari.