Mshika Mbili Moja Humponyoka, Sembuse Tatu?

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilikuwa Gerezani, Dar es Salaam, nikimngoja fundi anifungie kabureta ya gari langu la zamani. Katika kupitisha wakati nikamsimulia safari niliyowahi kuifanya kwa ndege ndogo ya injini moja, rubani na mimi tu, kwenda kutua katika kiwanja cha nyasi kusini mwa nchi. Nilimwambia kwamba kilichonishangaza siku ile hakikuwa mawingu wala tembo tuliowaona chini, bali mkono wa kulia wa rubani. Tulipokaribia kutua mkono ule haukutulia. Uligusa kishikio cheusi, ukahamia cha buluu, ukaenda chekundu, kisha ukarudi cheusi, na midomo yake ikitaja kila kimoja kama mtu anayehesabu fedha za watu.

Fundi akaweka bisibisi chini. "Mzee," akasema, "gari lina pedeli moja tu ya mafuta. Kidege cha watu wawili, vishikio vitatu vya nini?"

Swali lake ni zuri, na leo nataka tulijibu pamoja, kwa sababu wako watu ambao maisha yao hutegemea jibu hilo.

Tuanze na kishikio cheusi. Hicho ndicho pedeli ya mafuta. Ukikisukuma mbele injini inapata nguvu, ukikivuta inapoa.

Chekundu kinapima uwiano wa petroli na hewa. Kadiri ndege inavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Pale, injini ya kawaida huwa imekwisha kupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, hata kabla gurudumu halijaanza kuzunguka. Petroli ikiendelea kuingia kwa kipimo kile kile cha Dar es Salaam, injini inazidiwa na mafuta, inakohoa, na plagi zinashika masizi. Kwa hiyo rubani hukivuta chekundu kidogo kidogo kupunguza petroli. Lakini akikivuta mpaka mwisho, petroli inakatika kabisa na injini inazimika. Hivyo ndivyo inavyozimwa ndege ikishaegeshwa.

Cha buluu ni cha rafadha, yaani lile panga la mbele ambalo wengi wetu huliita pangaboi. Katika ndege nyingine mapanga hayo yanaweza kugeuzwa ubapa wake wakati ndege iko angani. Yakilazwa yakate hewa kidogo kidogo, injini inazunguka kwa kasi na ndege inapaa upesi. Hiyo ni gia namba moja ya lori linalopanda Kitonga. Yakigeuzwa yakamate hewa nyingi kwa kila mzunguko, injini inapumzika na ndege inakwenda mbali. Hiyo ni gia kubwa ya kwenye tambarare. Dereva anayesahau kurudisha gia akiwa chini ya Kitonga atakwama barabarani. Rubani hana mahali pa kukwama.

Sasa twende Alaska na Idaho, huko Marekani, ambako watu hujijengea ndege katika gereji za nyumbani kwao. Sheria inawaruhusu, mradi zaidi ya nusu ya kazi ya ujenzi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujifurahisha. Nyingi kati ya ndege hizo zimekusudiwa kwenda porini. Mfano ni Zenith CH 701, iliyosanifiwa na Chris Heintz mwaka 1986: ina bawa nene na magurudumu yasiyoogopa mawe, na inahitaji nafasi ndogo sana ya kurukia. Mjini Valdez, Alaska, hufanyika mashindano ya kupaa na kutua katika umbali mfupi, na wako waliotua katika umbali usiofika futi 20, mfupi kuliko basi dogo la Coaster.

Mashindano ni mchezo, lakini porini hakuna mchezo. Fikiria rubani anayetua ukingoni mwa mto, mlima uko mbele yake, na ghafla mnyama anakatiza. Inambidi aondoke tena hapo hapo. Anasukuma cheusi kwa nguvu, lakini cha buluu alikisahau kwenye gia ya safari. Injini inanguruma bila kufikia mzunguko wake, na miti inakuja. Au amekwisha kupaa salama, anataka kuvuta cha buluu apunguze mzunguko, mkono unashika chekundu, na injini inanyamaza juu ya msitu.

Tutasema huyo ni rubani mzembe? Tusiharakishe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Marekani lilishangazwa na marubani wa ndege za B-17 waliokuwa wakitua vizuri, kisha wanakunja magurudumu badala ya vibao vya mabawa, na ndege inalala kifudifudi. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza aligundua kwamba swichi za vitu hivyo viwili zilikaa pamoja na zilifanana. Dawa yake ilikuwa ndogo: swichi moja ikawekewa kitu chenye umbo la gurudumu, na ya pili umbo la kabari kama kibao cha bawa. Makosa yakakoma. Lawama zilizokuwa zikienda kwa mtu zilistahili kwenda kwa aliyepanga swichi.

Ndiyo maana wajenzi wa ndege za porini wanapenda kupunguza vishikio. Njia ziko mbili, na si vizuri kuzichanganya.

Njia ya kwanza ni kukiondoa kitu chenyewe. Mjenzi anafunga rafadha isiyogeuzwa angani. Ubapa unaamuliwa chini, na mtu wa porini huchagua ule wa kupandia. Atapaa upesi, atasafiri polepole, lakini hana cha buluu cha kusahau. Kisha anachukua injini kama Rotax 912 ya Austria, ambayo kabureta zake hujirekebisha zenyewe hewa inapokuwa nyepesi. Chekundu nacho kimeondoka. Kinabaki cheusi, pamoja na choki ya kuwashia asubuhi.

Njia ya pili ni kuiacha kazi iendelee, ila kuikabidhi kwa mashine. Hili si jambo jipya. Ndege ya kivita ya Ujerumani, Focke-Wulf 190, iliyoingia vitani mwaka 1941, ilikuwa na kifaa kilichopanga petroli, rafadha na muda wa kuchoma mafuta, rubani akishika kishikio kimoja tu. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta. Rotax 912 iS, iliyotolewa mwaka 2012, hupimiwa petroli na kompyuta. Na ziko rafadha zinazogeuzwa na mota ndogo ya umeme: rubani anachagua kupaa au kusafiri, na kidhibiti kinashika mzunguko. Wengine huunganisha kishikio cha nguvu na kile cha rafadha, ili kimoja kikienda mbele chote na cha pili kifuate. Yule wa ukingoni mwa mto sasa anasukuma mara moja tu.

Nilipofika hapo fundi wangu akatikisa kichwa. "Sawa, mzee. Na umeme ukikata huko porini, nani ataifungua hiyo kompyuta?"

Nikanyamaza kidogo, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo. Watengenezaji wamelifikiria hilo: 912 iS ina njia mbili za kompyuta na jenereta mbili, moja ikifa nyingine ishike. Lakini umeme wote ukiisha, injini ya namna hiyo inasimama. Injini ya zamani yenye magneto hujitengenezea cheche zake yenyewe, hata betri ikiwa imekufa. Rafadha ya umeme nayo, mota ikiharibika, kwa kawaida hubaki pale ilipokuwa. Ikiwa ilikuwa kwenye gia ya safari, rubani atatua nayo hivyo hivyo, na inampasa ajue kwamba akitua hana ruhusa ya kubadili mawazo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, katika njia ya pili kazi ya vile vishikio haikufutwa. Imetoka mkononi mwa rubani, ikahamia kwenye waya, kwenye kompyuta, na kwa yule aliyezifunga gerejini. Na katika ndege ya kujijengea, aliyezifunga ni rubani mwenyewe. Waya aliousahau kuukaza Januari unaweza kumdai Juni, akiwa juu ya bonde. Anayetaka kuruka na kishikio kimoja hana budi kuvielewa vyote vitatu zaidi ya yule anayevishika kila siku.

Kama ningekuwa mimi ninayekwenda kutua kwenye mchanga wa mto, ningeanza na njia ya kwanza. Kitu kisichokuwepo hakisahauliki, wala hakiharibiki. Nikilazimika kufuata ya pili kwa sababu viwanja vyangu viko juu milimani au safari zangu ni ndefu, ningetaka swichi ya kugeuza rafadha kwa mkono wangu, na taa ya kuniambia mapema kwamba mashine imeacha kunisaidia. Na kabla ya kubeba abiria ningefanya mazoezi ya kuruka bila msaada huo, juu ya kiwanja kirefu.

Fundi alikuwa amekwisha kufunga kabureta. Akawasha gari, akainamisha sikio, akazungusha skrubu moja ndogo robo mzunguko, akasikiliza tena. Injini ikatulia.

"Kumbe chekundu chako ndicho hiki," akasema, akinionyesha ile skrubu.

Ndicho hicho hasa. Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.